Rangi Asiyoiona Mteja



Mimi huchora picha za Mlima Kilimanjaro hapa Moshi mjini. Fundi aliyenifundisha alikuwa na sheria moja: usianze na theluji. Kwanza chora mlima wote kwa rangi moja tu, kahawia, uonyeshe penye mwanga na penye kivuli. Acha ikauke. Ndipo ulete buluu ya anga, kijani cha migomba na weupe wa Kibo. Mteja haioni ile kahawia, ila ndiyo inayoupa mlima uzito.

Juzi mzee mmoja wa Marangu alitaka picha haraka, zawadi ya harusi ya binti yake. Nikairuka hatua hiyo. Mzee akafurahi kweli, akalipa bei ile ile, nami nikapata kodi ya chumba. Sasa shida iko wapi? Kosa ambalo hakuna aliyeliona wala kulalamika, ni kosa?

Nikaikumbuka picha ya Leonardo da Vinci ya Mamajusi wakimwabudu Mtoto Yesu. Watawa wa karibu na Firenze walimwagiza mwaka 1481, akaondoka hajaimaliza. Hadi leo sehemu kubwa ni rangi ya chini tu, na bado watu wanasimama kuitazama. Yake ina msingi bila urembo. Yangu ilikuwa urembo bila msingi.

Mzee alilipia kazi kamili, nikampa nusu. Nilitaka nikaungame tu, yaishe. Lakini Katekisimu, namba 2412, inafundisha kwamba aliyechukua cha mwenzake isivyo haki anapaswa kukirudisha. Bila hilo, hata toba yangu ingekuwa rangi ya juu juu.

Basi nikampigia simu. "Shikamoo mzee. Ile picha sikuichora inavyotakiwa. Naomba nikuchoree nyingine, bure."

Akacheka. "Marahaba. Lakini kijana wangu, mbona mimi sikuona kasoro?"

"Mimi niliiona, mzee."

Rangi nilinunua kwa hela ya kodi, na mwenye nyumba nikamwomba wiki mbili. Iliniuma, siwadanganyi. Lakini usiku ule nilisali bila kujificha.

Na wewe je, katika masomo, uchumba au sala zako, ni hatua gani unairuka kwa sababu hakuna anayeiona? Baba yetu wa mbinguni anaiona. Tumwombe atusaidie kuanza tena kutoka chini. Amina.