Nyani Mlinzi: Je, Tuna Deni Kwake?

Wazee wetu walipoingia pori walisikiliza kwanza. Nyani wakipiga kelele, mtu alisimama, juu alijua chui ao nyoka yuko mbele. Nyani hakuitwa rafiki, lakini habari yake ilipokelewa. Leo waganga wa lopitalo wanafanya vile vile juu ya magonjwa ya mbu. Sisi tunajiuliza: ni haki kumfanya nyama wa pori mlinzi wetu, bila yeye kukubali?

Tuangalie homa ya manjano. Kule Brazili, nyani wakionekana wamekufa porini, watu wanajulisha serikali, maiti inapimwa, na watu wa karibu wanachanjwa. Kumbe katika mlipuko wa 2016 mpaka 2018, wengine waliogopa, wakawapiga nyani mawe na kuwapa sumu. Walimuua mlinzi! Tena bure, kwani si nyani anayemwambukiza mtu, ni mbu anayeuma huyu kisha yule.

Kwetu Afrika mambo ni mengine. Virusi hivyo vilizaliwa huku, vikavuka bahari pamoja na biashara ya watumwa. Nyani wetu wamevizoea tangu zamani, mara nyingi hawafi. Basi mlinzi wetu ni bubu: lazima apimwe damu. Katika pori la Zika, Uganda, mwaka wa 1947, watafiti wa homa ya manjano walimweka nyani wa Asia ndani ya kizimba juu ya mti ili mbu wamuume. Ndivyo virusi vya Zika vilivyojulikana mara ya kwanza.

Kuna wanaosema: makako tunamla, anauzwa sokoni, sasa tone la damu ni nini? Hoja hiyo ina nguvu. Mwaka wa 2016 homa ya manjano ilitoka Angola ikaingia kwetu. Chanjo zilipunguka, hata watu zaidi ya milioni 7 wa Kinshasa wakapewa sehemu moja ya tano ya dozi. Habari inayofika mapema inaokoa watoto wa watu.

Lakini desturi inatupa kipimo. Wangandu wa Wamba, kule Tshuapa, kwa mwiko wa zamani hawali bonobo, juu wanamhesabu kama ndugu. Mwiko unatufundisha kwamba hata haja zetu zina mpaka. Kumkamata nyani, kutoa damu kidogo na kumwachilia, tunakubali. Kumuua kwa habari ambayo angeitoa akiwa mzima, huo ni wizi.

Na deni lingine liko. Kama habari ya nyani inaenda paka ndani ya vitabu vya wataalamu, na kijiji hakipate chanjo, tumemsumbua bure, na kijiji tumekidanganya. Mlinzi akipiga ngoma, mwenye nyumba aamke. Asipoamka, asiseme mlinzi alilala.