Tuanze Kuhesabu Mwaka Gani?

Somo: Waamuzi 11:12-28, Kumbukumbu la Torati 2:1-23



Wiki hii nataka tuketi na swali ambalo kila familia yenye shamba inalijua. Ardhi ni ya nani? Ni ya aliyetangulia kufika, ama ni ya aliyekaa na kulima miaka mingi? Na kama tutaamua kwa historia, basi tuanze kuhesabu mwaka gani?

Swali hili ni la zamani kuliko Kenya. Katika Waamuzi 11, mataifa mawili madogo, Israeli na Amoni, yanagombania kipande kimoja cha nchi, mashariki ya Yordani, kati ya mto Arnoni na mto Yaboki. Mfalme wa Amoni amekuja na jeshi. Yeftha, kiongozi wa Gileadi, alikuwa mtu wa vita, lakini hakuanza na upanga. Alituma wajumbe waulize shida ni nini. Jibu likaja fupi: Israeli walipotoka Misri walichukua nchi yangu, sasa irudisheni kwa amani.

Hoja za Yeftha

Yeftha akatuma wajumbe mara ya pili, na ujumbe wake umepangwa kama wa wakili. Kwanza, anasema, sisi hatukuchukua nchi ya Moabu wala ya Amoni. Tuliomba njia ya kupita, tukanyimwa, tukazunguka. Pili, nchi hii tuliipata kwa Sihoni, mfalme wa Waamori, na yeye ndiye aliyeanza vita. Tatu, Mungu ndiye aliyetupa. Nne, tumekaa hapa miaka 300. Miaka hiyo yote mlikuwa wapi?

Ni hoja nzuri, na nyingi zinathibitishwa na Hesabu 20 na 21. Lakini soma Hesabu 21:26 polepole. Hapo Biblia inatuambia kwamba Sihoni naye alikuwa ameinyang'anya nchi hiyo kutoka kwa mfalme wa Moabu. Jambo hilo Yeftha hakulitaja. Yeye ameanza historia na Sihoni. Mfalme wa Amoni ameianza siku Israeli walipotoka Misri. Kila mmoja amefungua kitabu kwenye ukurasa unaomfaa.

Jiwe la jirani

Mungu ametuachia pia sauti ya upande ule mwingine. Mwaka 1868, huko Dhiban katika nchi ya Yordani, mahali ambapo Biblia inapaita Diboni, palipatikana jiwe jeusi lenye mistari zaidi ya 30 ya maandishi. Leo liko Paris, katika jumba la makumbusho la Louvre. Aliyeliandikisha ni Mesha mfalme wa Moabu, yule yule wa 2 Wafalme 3, aliyekuwa akimlipa mfalme wa Israeli wana-kondoo 100,000 na sufu ya kondoo dume 100,000.

Mesha anaeleza historia ya nchi ile ile, upande wa kaskazini wa Arnoni. Lakini yeye anaanza na Omri mfalme wa Israeli, jinsi alivyoitesa Moabu kwa muda mrefu. Kisha anaeleza alivyoirudisha miji, mmoja baada ya mwingine. Akifika Atarothi anakiri jambo la kushangaza: anasema watu wa Gadi walikuwa wakikaa pale tangu zamani. Yaani adui mwenyewe anakubali kwamba hawa si wageni wa jana. Halafu anasema aliuteka mji na kuwaua watu wake wote kwa heshima ya Kemoshi, mungu wake. Huko Nebo anahesabu waliouawa kuwa 7,000, wanaume kwa wanawake.

Wapendwa, jiwe hili hunisumbua kwa sababu linaongea lugha tunayoijua. Tulionewa. Mungu wetu ametukumbuka. Tumerudisha kilicho chetu. Ule ushuru wa kondoo haukuwa uongo. Mzigo ulikuwa mzito kweli. Lakini mtoto wa Atarothi hakumtoza Mesha hata kondoo mmoja. Dhuluma ya kweli ilitumika kuhalalisha damu ya asiyehusika.

Mungu anaanza wapi?

Sasa tufungue Kumbukumbu 2. Israeli wako njiani kwenda kurithi, wana ahadi mkononi. Na Mungu anawaambia nini? Msiwaguse wana wa Esau, Seiri nimewapa wao. Msiwasumbue Moabu. Msiwasumbue Amoni, hao ni wana wa Lutu, nami ndimi niliyewapa. Hata pa kukanyaga kwa wayo wa mguu katika Seiri hamtapata. Chakula na maji mtanunua kwa pesa.

Katikati ya maagizo hayo Maandiko yanatuambia nani walikaa huko kabla. Moabu ilikuwa ya Waemi. Seiri ilikuwa ya Wahori. Nchi ya Amoni ilikuwa ya Wazamzumi. Kila taifa lilikuta mtu. Hakuna aliyechipuka pale kama mti.

Na katika Walawi 25:23 Mungu anafika mwanzo kabisa: nchi ni yake, na Israeli, warithi halisi wa ahadi, ni wageni na wapitaji mbele zake. Kama wao ni wapangaji, mimi na wewe ni nani?

Hapa ndipo naona jibu. Hesabu yangu inaanza siku niliyodhulumiwa. Hesabu ya jirani inaanza siku yake. Hesabu ya Mungu inaanza kabla yetu sote, na ndani yake mpaka wa jirani yangu umechorwa na mkono ule ule uliochora wangu. Siwezi kumwomba Mungu alinde shamba langu na wakati huo huo nimfanye adui wa yule mwenye shamba la pili.

Je, tunyamaze?

Mtu ataniuliza, "Mchungaji, kwa hivyo aliyenyang'anywa akae kimya?" La, hasha. Anayesogeza jiwe la mpaka amelaaniwa, Kumbukumbu 27:17. Eliya alimfuata Ahabu hadi ndani ya shamba la Nabothi. Kusamehe si kuficha ukweli, na amani isiyotaja dhuluma haidumu.

Lakini sisi Wakenya tunajua mahali hesabu hizi hutufikisha. Kule Bonde la Ufa mmoja huhesabu kuanzia kabla ya mzungu kuchukua ardhi ya mababu zake. Mwingine huhesabu kuanzia siku baba yake aliponunua ekari chache kwa pesa za jasho kupitia kampuni ya kununua ardhi. Wote wawili wana la kusema. Lakini tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa watu wakiwa wamekimbilia ndani, wengi wao akina mama na watoto. Mtoto aliye mgongoni mwa mamake hana hati ya shamba. Hakuna historia, hata iwe ya kweli namna gani, inayoweza kuhalalisha moto ule.

Tuige basi lile zuri la Yeftha. Alituma wajumbe, tena mara mbili. Alileta hoja na akamwachia Bwana aliye Mwamuzi. Leo tuna wazee, tuna mahakama, na Katiba ya 2010 iliweka Tume ya Kitaifa ya Ardhi, ambayo moja ya kazi zake ni kuchunguza dhuluma za zamani. Njia hizo ni polepole na zinachosha, najua. Hata hivyo, bora kuchoka kuliko kuzika.

Tena tuangalie mwisho wa Yeftha. Huyu ni mtu ambaye ndugu zake mwenyewe walimfukuza asirithi kwa baba yao. Alishinda Amoni, akateka miji 20, na nchi ikabaki. Lakini kwa nadhiri yake ya haraka alimpoteza binti yake wa pekee. Kisha ugomvi ukahamia ndani, Gileadi dhidi ya Efraimu, ndugu kwa ndugu. Penye vivuko vya Yordani mtu alipimwa kwa namna anavyotamka neno moja tu, na wakafa 42,000. Wale waliozoea kumkagua jirani mpakani hawakukawia kumkagua ndugu yao. Shamba walikuwa nalo.

Wiki hii, kabla hujasimulia watoto wako historia ya shamba lenu, ongeza ukurasa mmoja: nani alikuwa hapo kabla yetu, na jirani yetu anaisimuliaje? Waambie ukweli wote, hata ule usiotufaa.

Maombi: Bwana, nchi ni yako. Rudisha kilichoibwa kwa njia ya haki, na utuzuie tusimwage damu kwa jina lako. Amina.

Andiko la kukariri: Walawi 25:23.