Kabla Hujanunua Kadi

Wanangu wa Sakina, Kijenge na Ngaramtoni, mnaokuja kwenye meza yangu na kasha mkononi na picha za kompyuta za watu kwenye simu, leo nawaandikia, maana mkifika huwa mna haraka na maneno ya mzee hayawaingii. Anayeunda kompyuta yake ya kwanza hapa mjini Arusha hukosea mengi, lakini karibu yote yanatokana na jambo moja: anaanza na kinachoonekana. Ananunua kadi ya grafiki, anaongeza feni zenye taa za rangi, na chenji iliyobaki ndiyo inayonunua pawasaplai. Huko ni kumvalisha bibi harusi kabla ya posa kukubaliwa.

Nawajua wengi wenu hamnunui vipande vipya. Mnaanza na kompyuta ya ofisini ya mtumba, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, iliyomaliza kazi yake Ulaya au Marekani ikaingia kwenye kontena. Sina neno na mashine hizo. Chuma chake ni kigumu, mazabodi yake imetengenezwa kwa ajili ya kufanya kazi kutwa nzima, na kwa kijana mwenye mtaji mdogo ni mwanzo wa heshima kabisa. Tatizo linaanza pale mtu anapotaka kuigeuza iwe ya michezo ya video bila kuifungua kwanza na kuitazama ndani.

Tazama pawasaplai yake. Nyingi za aina hiyo hutoa wati 240 hadi 290 tu, na katika waya zake hakuna kichwa cha kulisha kadi ya grafiki. Sloti ya mazabodi inatoa wati 75, basi. Kadi inayotaka zaidi ya hapo ina tundu lake pembeni, la pini 6 au 8, na tundu hilo halipo kwa urembo. Kijana ameshauziwa kadi ya wati 150. Anafika nyumbani, anaona tundu, anarudi mjini, na huko anakutana na mtu anayemwambia, "Ipo adapta, unachomeka kwenye waya wa SATA." Wanangu, sikilizeni hapa. Kichwa cha SATA kimepimwa kubeba wati 54 kwenye waya wa volti 12. Kichwa cha pini 6 kina ruhusa ya kuvuta 75. Toa hesabu mwenyewe. Plastiki inalainika, inanuka, na siku moja inayeyuka na kushikana. Nimepokea mezani vichwa vya namna hiyo vilivyogeuka rangi ya sukari guru, na mwenye mali bado anauliza kama kadi ni nzima.

Mwingine anasema atabadilisha pawasaplai yote. Vema, lakini angalia tundu la mazabodi kwanza. Pawasaplai ya kawaida ya dukani ina kichwa kikubwa cha pini 24. OptiPlex 7020 na 9020, kwa mfano, zina tundu la pini 8 badala yake, na bila kebo maalumu ya kubadilishia hamtaelewana. Na kama kasha lako ni lile jembamba, kadi ndefu haiingii hata ukiisukuma kwa dua. Linataka kadi ya nusu kimo. Chukua rula. Pima kabla ya kutoa hela, maana nauli ya kurudisha kitu Dar es Salaam kwa basi ni yako, na muuzaji akiona alama ya bisibisi hatakipokea.

Mashine ya aina hiyo ukiiwekea SSD na kipande cha pili cha ramu utaona mabadiliko ambayo hukuyatarajia, bila kugusa umeme wake. Ukiwa bado unataka kadi, tafuta isiyohitaji waya wa ziada. Baadhi ya GeForce GTX 1650 ziko hivyo, zinakula wati 75 zile za sloti na hazidai zaidi. Najua hiyo siyo kadi ya kujivunia mbele ya rafiki zako. Ila itawaka leo, kesho na mwakani.

Kwa wale mnaonunua pawasaplai mpya, nawaomba msisome namba kubwa iliyoandikwa ubavuni. Wati 500 kwa maandishi mekundu si ushahidi. Igeuze, tafuta kibandiko chenye jedwali dogo, uangalie mstari wa volti 12, maana huo ndio unaolisha prosesa na kadi. Ukikuta umeandikwa ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni 216. Hiyo "500" mnayoambiwa kwa kazi yenu ni wati 216, na ninyi mmepanga kuweka kadi na prosesa zinazokula 250. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 itaonyesha ampea 38 au zaidi kwenye mstari huo. Ishike na mkononi vilevile. Iliyo nyepesi kama kopo tupu huwa ni tupu kweli, sumaku na kapasita zimepunjwa. Hamhitaji digrii kwa hili. Mnahitaji kusimama dukani dakika moja zaidi bila kuona aibu.

Kitu kingine kwenye mashine za kontena: nyuma ya pawasaplai za zamani kuna swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Zilizotoka Marekani zimekaa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka hivyo utasikia mlio mmoja mkali, moshi kidogo, na hadithi imeishia hapo. Isogeze kwanza, kabla hata ya kutafuta waya. Na iliyokufa usiifungue kwa udadisi, kwani kapasita zake hukaa na umeme hata baada ya kuchomolewa.

Nyumbani nako kuna mambo. Waya nyingi zinazokuja na vifaa kutoka China zina pini mbili, nanyi mnaziwekea adapta ili ziingie kwenye soketi yetu ya pini tatu. Pini ya tatu ndiyo ethi. Ukiikosa, ukigusa kasha unahisi kitu kinakutekenya vidoleni, na wengine hucheka wakisema kompyuta inawasalimia. Haiwasalimii. Huo ni umeme usio na pa kwenda. Tafuta waya wa pini tatu na ekstensheni yenye ethi ya kweli, halafu mwite fundi umeme akague kama ethi ya nyumba iko hai, kwa sababu ziko nyumba ambazo tundu lipo na waya haupo.

UPS ni muhimu kuliko feni ya nne yenye taa. Ndogo ya VA 650 hutoa karibu wati 360 kwa dakika chache. Haikupi muda wa kumaliza mchezo. Inakupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Umeme ukikatika na huna UPS, chomoa, na ukirudi usichomeke papo hapo. Ngoja utulie. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, radi zikianza kupiga upande wa Meru, chomoa pia kebo ya intaneti, maana radi haina mlango mmoja.

Nisije nikasahau wanaowabeza. Mtaani kuna msemo kwamba ninyi hamuundi kompyuta, mnaunganisha tu vitu vya wazungu na Wachina. Waacheni waseme. Daladala zetu bado zina kituo kinachoitwa Philips, na jina hilo limebaki kutokana na kiwanda kilichokuwa kikiunganisha redio hapahapa Arusha. Hakuna aliyewadharau waliokuwa wakichomelea pale. Kule Marekani, kompyuta ya Altair 8800 ya mwaka 1975 iliuzwa kama vipande, mtu akaenda kuviunganisha nyumbani, na Apple ya kwanza ya 1976 ilikuwa bodi tu, kasha na kibodi ukajitafutie. Sisi mwaka 1974 serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, miaka tisa tangu ya kwanza ifungwe Wizara ya Fedha mwaka 1965. Rika langu liliruka hatua nzima. Mtoto wa Marekani wa umri wangu aliunguza vidole kwenye bodi yake akiwa sekondari. Sisi tulikutana na kompyuta tukiwa na ndevu, tena ofisini, tukikatazwa kuigusa. Kwa hiyo nikimwona binti wa kidato cha tatu ameshika bisibisi, simwambii aache.

Sasa siku ya kuunganisha. Toa zulia, fanya kazi mezani. Miezi ya kiangazi hewa ya Arusha hukauka, na mwili unaweza kubeba volti 2,000 bila wewe kuhisi lolote, wakati chipu inaweza kufa kwa mia chache tu. Gusa chuma cha kasha kila unaporudi mezani. Hayo tu yanatosha, msisumbuke na mkanda wa mkononi kama haupatikani.

Usiingize kitu kwenye kasha kwanza. Weka mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, funga prosesa, feni yake, kipande kimoja cha ramu na pawasaplai, kisha iwashe hivyohivyo. Kama prosesa haina picha yake yenyewe, ongeza kadi. Ikiwaka hapo, tatizo lolote litakalokuja baadaye unajua limetoka kwenye kasha. Wengi hufunga kila kitu, wanawasha, kimya, halafu hawajui waanzie wapi, wanaanza kubadilisha vipande vizima kwa kubahatisha. Mara nyingi kumbe ramu haikubanwa hadi ikalia "tak", au kile kichwa kidogo cha pini 4 au 8 kilicho juu karibu na prosesa hakikuchomekwa kwa sababu kimejificha nyuma ya feni. Ama kompyuta ni nzima na inafanya kazi, ila kebo ya skrini imechomekwa kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi. Hilo la mwisho hunipa chai bure kila mwezi, sitaki mlijue sana.

Kuna vijiti vifupi vya shaba vinavyoinua mazabodi isigusane na bati la kasha. Viweke panapolingana na matundu ya bodi na pasipo na tundu usiweke, kwani kilichozidi kinagusa njia za umeme kwa chini. Chini ya feni ya prosesa mara nyingine kuna karatasi ya plastiki; ibandue. Na mwenye AMD ya soketi AM4 au ya kabla yake, ambayo pini ziko kwenye prosesa yenyewe, asing'oe feni kwa nguvu. Pesti ikikauka inashika kama gundi, na prosesa itatoka pamoja na feni, pini zimepinda. Washa mashine ipate joto, zima, chomoa, kisha izungushe feni taratibu kushoto na kulia ndipo uinyanyue.

Hapa nawageukia kidogo vijana wa utalii, mnaopanda na wageni. Diski za zamani zinazozunguka zina kichwa kinachoelea juu ya hewa, na watengenezaji wengi huziwekea kikomo cha kufanya kazi kwenye mita 3,048 hivi. Arusha mjini tuko karibu mita 1,400, hakuna shaka. Lakini kibanda cha Saddle kwenye Mlima Meru kiko mita 3,570, na kilele ni 4,566. Mkitaka kuhamisha picha za wageni mkiwa huko juu, bebeni SSD.

Kuhusu hela, wauzaji watawaambia bei imepanda kwa sababu ya ushuru. Kompyuta nzima inaingia Afrika Mashariki kwa ushuru wa forodha wa asilimia sifuri. Kinachowahusu ni VAT, kwa kawaida asilimia 18, na hiyo mtaikuta kwenye risiti. Dai risiti ya mashine. Bila hiyo, waranti ni maneno ya mdomoni. Na kipande cha mtumba kiwashwe mbele yako, kwa dakika zaidi ya tano, feni zikizunguka na skrini ikionyesha.

Kuna jambo jipya lililowafanya wauzaji wawe wakarimu ghafla. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0. Mashine za kizazi cha 4 na cha 6 zimekuwa mzigo kwa ofisi za ughaibuni, na mzigo huo unashuka kwetu. Zinunueni, kama bei inalingana na ukweli huo, halafu mziwekee Linux. Ubuntu na wenzake hawadai hela, na kijana aliyejifunza kuunda mashine hatashindwa kujifunza amri chache. Ile Windows ya kukraki mnayopeana kwenye flashi inakuja na wageni wake, na ninyi mnaandika humo nywila ya benki.

Ukihamisha kompyuta kwa bodaboda, toa kadi ya grafiki kwanza uibebe kivyake, na kasha lilazwe mapajani, mazabodi ikiwa chini, feni nzito ya prosesa ikitazama juu. Barabara zetu za pembezoni zinajua kung'oa sloti. Na vumbi la Kisongo na Ngaramtoni ni laini mno, linapita popote, kwa hiyo fungua ubavu mara mbili kwa mwaka, baada ya kiangazi na baada ya masika. Pulizia nje, siyo chumbani, na ukipuliza shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke, kwani upepo mkali huyakimbiza kupita kasi yake na kuua beringi.

Mkikwama, mimi nafungua saa tatu asubuhi. Njooni na kibandiko cha pawasaplai mmekipiga picha.