Aliyechelewa Atafika?

Mzazi ana haki ya kuambiwa kweli juu ya mwanawe; hilo halina mjadala. Mjadala umo katika swali jingine: ni kweli gani iwezayo kusemwa juu ya mtoto wa miaka minne, na kwa neno gani?

Swali hili limenijia kwa njia ya tafsiri. Marekani ilipitisha mwaka 1975 sheria ya kuwafungulia skule watoto wenye ulemavu, ambao wapatao milioni moja kati yao walikuwa wamefungiwa nje kabisa. Kwa sheria hiyo, kila mtoto wa elimu maalumu huandikiwa mpango wake mwenyewe, na wazazi hupelekewa taarifa za maendeleo kila baada ya muda, aghalabu pamoja na ripoti za kawaida za skule. Miongoni mwa wazazi hao wamo Wakongo waliopokewa huko kama wakimbizi, ambao lugha yao ni Kiswahili. Kikaoni huwekewa mkalimani. Karatasi nazo hutafutiwa wafasiri, hata wa mbali kama sisi wa visiwani.

Katika karatasi hizo limo neno ambalo kwa Kiingereza ni la upole: kuchelewa kukua. Tangu 1997 majimbo yanaruhusiwa kulitumia kwa watoto wa miaka 3 hadi 9, badala ya kumtaja mtoto kwa aina mahususi ya ulemavu. Hekima yake i bayana, kwani jina apewalo mtoto mapema huganda. Lakini liingie Kiswahilini, uone linavyogeuka. Kwanza, kukua kwa mama wa kwetu ni kimo na uzito. Atamtazama mwanawe aliyenawiri aseme, mbona amekua? Pili, na hapa ndipo penye uzito, aliyechelewa ni mtu anayekuja. Jahazi lililochelewa hutazamiwa bandarini. Hakuna anayelisomea khitma. Mzazi akisoma kwamba mwanawe amechelewa, husoma ahadi, ilhali mwalimu hakuahidi kitu. Amekiri tu kwamba hajui.

Nikiliacha neno hilo, nauza matumaini yasiyo na mwenyewe. Nikiliondoa, naangukia kwenye akiba yetu ya zamani: kiziwi, kipofu, kilema, kibyongo, maneno ambayo lugha imeyavisha ngeli ya vitu, ijapokuwa vitenzi vyake huafikiana na watu. Taahira ndilo baya zaidi, maana limekwisha kuwa tusi la mitaani.

Wapo wasemao tumhurumie mzazi, tumwandikie mepesi. Siafikiani nao. Huruma ifichayo huiba miaka, na hiyo ndiyo miaka ambayo mtoto hupokea mafunzo kwa wepesi zaidi. Mzazi aliyeandikiwa "anaendelea vizuri" hatauliza kwa nini mwanawe haungi maneno mawili. Wala siwaungi mkono wadhanio kweli ni tarakimu. Amefikia asilimia 40 ya lengo: asilimia 40 ya nini? Ya kumwomba mwenziwe mpira? Mama anataka kujua kama aliomba, kwa ishara au kwa sauti, na nani alikuwapo.

Ripoti ninayoipenda ni ile isimuliayo matendo: mwezi Septemba alikuwa akilia akiwekwa katika duara la wenzake, sasa hukaa mpaka wimbo umalizike. Sentensi kama hiyo haimdhalilishi mtoto wala haimtabirii. Tena mzazi anaweza kuipinga, kwani naye humwona mwanawe nyumbani, pengine akifanya lile ambalo darasani hajalifanya. Ripoti isiyoacha nafasi ya mkono wa mzazi ni hukumu, hata ikiandikwa kwa upole.

Ama lile neno, siku hizi naliandika kwa urefu: "bado hajaweza baadhi ya mambo ambayo watoto wengi wa umri wake huyaweza, hatujui bado atayaweza lini, wala kwa kadiri gani." Walipao kwa idadi ya maneno hunung'unika. Mmoja wao aliniuliza kama kipande cha mwisho kimo katika asili. Kimo, Kiingereza kimekikunja ndani.