Mita Kumi za Kando ya Barabara

Jumamosi ya Juni 17, 2017, joto katika halmashauri ya Pedrógão Grande, katikati ya Ureno, lilipita nyuzi 40. Mchana moto ulizuka kijiji cha Escalos Fundeiros. Jioni moshi ulikuwa umeleta giza, na watu wakapakia watoto na wazee kwenye magari, wakakimbia. Wengi waliingia barabara ya EN 236-1. Moto ukawakuta humo. Kwenye barabara hiyo na kando yake walikufa watu 47, kati ya 66 waliopoteza maisha.

Ndugu msomaji, tuitazame barabara hiyo. Sheria ya mwaka 2006 ilitaka ukanda wa mita 10 kila upande wa barabara ufyekwe na miti ipunguzwe, na mita 50 kuzunguka nyumba. Halmashauri zilitakiwa ziwe na mipango ya kinga moto. Lakini mashamba ya huko ni vipande vidogo vidogo. Wenyewe wamehamia mijini au Ufaransa, wengine wamefariki na warithi hawajulikani. Mikaratusi na misonobari ikasogea hadi ukingo wa lami. Kila aliyepita aliyaona magome ya mikaratusi yakining'inia kama matambara, na gome la namna hiyo likishika moto, upepo hulirusha mbali likiwaka. Waliona, wakapita. Hata mimi, nakiri, ningesimama kusifu kivuli.

Ilipofika saa ya kuokoa, mawasiliano ya redio ya dharura yalikatikakatika, kwa kuwa moto ulikuwa umeunguza nyaya. Wazimamoto wakaita, wasijibiwe. Na timu ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Coimbra ilipochunguza chanzo, ilitaja miti iliyogusa waya wa umeme. Ni panga lilelile ambalo halikushikwa.

Mwaka 2022 mahakama iliwaachia huru washtakiwa wote 11, wakiwemo viongozi wa halmashauri za eneo hilo. Sibishani na hukumu. Ila tusingoje hakimu atuambie nani alipaswa kufyeka.

Nasema hivi nikijisuta. Nina ekari mbili za mikaratusi upande wa Njombe. Mwaka juzi mwenyekiti wa kijiji alitutangazia tulime kinga moto kabla kiangazi hakijakolea. Nikatuma nusu ya hela, nikamwambia kijana anayenitunzia shamba amalizie "wiki ijayo". Wiki hiyo haikufika. Moto nao haukuja, nami nikafurahi kwamba nimeokoa hela! Mwaka uliofuata sikutuma hata ile nusu.

Kule Nodeirinho, kijiji jirani na barabara ile, watu 12 walipona kwa kujitosa kwenye tangi la maji. Shambani kwangu hakuna hata ndoo.

Leo asubuhi nimempigia yule kijana. Nimetuma hela yote, nikamwambia aanzie upande wa barabara.