Shira ya Vermont

Huko Vermont, Marekani, ikifika Machi mkulima wa shira ya miti ya mepo (maple) hajipangii ratiba. Hupangiwa na hali ya hewa. Usiku maji yagande, mchana kuwe na joto kidogo, ndipo utomvu utiririke kwenye tundu alilotoboa kwa keekee. Nao ni karibu maji matupu: lita 40 hivi huchemshwa ipatikane lita 1 ya shira. Usiku wa manane yuko kando ya karai, nywele zimelowa mvuke, anachota kwa mwiko kuona kama inadondoka au inashuka kama pazia. Akisinzia, shira imeungua na karai limeharibika. (Bei yake dukani hainishangazi.) Miti ikichipua, ladha huharibika, anachomoa mirija, anaosha ndoo. Na kuni za mwakani bado hazijapasuliwa.