Fungu la Mtoto Maskini

Soma kwa ajili ya somo hili: Kum. 14:28, 29, 24:19–22, Mwa. 47:13–25, Yer. 22:13–16, Mdo 6:1–7, 1 Tim. 5:8, 16.

Fungu la kukariri: Mithali 31:8, 9.

Bahari inapokupwa wakati wa bamvua, miamba ya pwani ya Kilwa hubaki wazi kwa saa chache, na akina mama huenda kuchokoa pweza. Baadhi ya watoto huandamana nao. Mtoto mwenye jicho jepesi aweza kurudi na pweza wawili, na jioni hiyo nyumbani kukapatikana unga. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kila mara hudumu siku kadhaa. Siku hizo dawati la mtoto huyo shuleni huwa tupu. Je, mtoto huyu ni jukumu la nani? La mzazi wake, la kanisa, au la serikali?

Wengi hujibu upesi: la mzazi. Jibu hilo lina msingi. Paulo anasema kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani (1 Tim. 5:8). Lakini katika sura hiyo hiyo, aya ya 16, anakiri kwamba wapo wajane wasio na ndugu wa kuwasaidia, na hao kanisa liwatunze. Familia ni ya kwanza, ila si ya pekee. Wengine hutaja 2 Wathesalonike 3:10, kwamba asiyetaka kufanya kazi asile. Fungu hilo lamhusu mtu mzima mwenye nguvu anayekataa kazi. Mtoto wa miaka minane hakukataa kazi, wala hakuchagua nyumba ya kuzaliwa. Hata kama baba yake ni mvivu kweli, kumnyima mtoto chakula ni kumwadhibu asiye na kosa.

Torati ililijibu swali hili kwa namna ya pekee. Mwenye shamba alikatazwa kurudi kuchukua mganda aliousahau, ulikuwa wa mgeni, yatima na mjane (Kum. 24:19). Kila mwaka wa tatu zaka iliwekwa ndani ya malango ya mji ili hao wale washibe (Kum. 14:28, 29). Mambo mawili yaonekana hapa. Kwanza, hii ilikuwa amri, si ombi. Pili, fungu hilo liliwekwa hadharani, penye malango, ambapo wazee wa mji waliketi kuamua mashauri. Mungu hakumwacha yatima ategemee moyo wa jirani peke yake, kwa maana moyo wa mwanadamu hubadilika. Watu wa Lindi wanajua jinsi ukarimu unavyokuwa mwingi baada ya mauzo ya ufuta na korosho, na unavyopungua miezi ya njaa inapofika. Ellen G. White alieleza kwamba sheria hizo hazikumsaidia maskini tu. Zilimkinga na tajiri asitawaliwe na uchoyo.

Kwa sababu hiyo manabii waliwapima watawala kwa kipimo hiki. Yehoyakimu alijenga jumba kubwa kwa jasho la watu asiowalipa. Baba yake, Yosia, aliamua kwa haki shauri la maskini, na Bwana akasema kwamba huko ndiko kumjua Yeye (Yer. 22:13–16). Basi serikali inapomlinda mtoto maskini haimfanyii hisani. Inatimiza wajibu.

Nchini Tanzania wajibu huo umeandikwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inazipa mamlaka za serikali za mitaa jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto. Tangu Januari 2016 ada ya shule za msingi na sekondari hadi kidato cha nne imeondolewa, ingawa sare na madaftari vimebaki kwa mzazi. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ulio chini ya TASAF na uliozinduliwa mwaka 2012, hutoa ruzuku kwa kaya zilizotambuliwa, kwa masharti kwamba watoto wadogo wapelekwe kliniki na wanafunzi wahudhurie shule angalau asilimia 80 ya siku za masomo.

Masharti hayo yana nia njema. Lakini hesabu ya bamvua ni ngumu. Shule ikifundisha siku 20 kwa mwezi, mtoto aweza kukosa siku 4 tu. Bamvua mbili zaweza kuzimaliza, na kaya isiyotimiza sharti hukatwa sehemu ya ruzuku. Hapo mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya njaa huongezewa njaa kwa sababu alikosa shule. Haki haitoshi kuandikwa. Yapasa iulize pia kwa nini dawati ni tupu.

Jambo la kutahadhari lipo. Yusufu, akiwa mtawala, aliokoa maisha ya watu wengi kwa maghala ya Misri. Hata hivyo, kabla njaa haijaisha, watu walikuwa wametoa mifugo, mashamba na hata miili yao kwa Farao (Mwa. 47:13–25). Msaada wa serikali usimfanye mpokeaji kuwa mali ya mtoaji. Mama anayepokea ruzuku hadaiwi kura wala ukimya wake.

Katika Matendo 6 tunaona kosa la aina nyingine. Chakula kilikuwapo na mpango ulikuwapo, ila wajane waliosema Kiyunani walisahauliwa. Mitume hawakuwaambia wavumilie, wala hawakuifuta huduma. Waliwaita watu wote, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema ili kurekebisha mgawanyo. Kaya za TASAF nazo hutambuliwa kwa kushirikisha mkutano wa kijiji. Nani hayupo mkutanoni? Aliye dago na wavuvi, mgonjwa, bibi anayelea wajukuu kitongoji cha mbali, mgeni aliyehamia mwaka jana. Asiyekuwapo hutajwa na jirani, au hatajwi kabisa. Serikali, kwa siku hiyo, ni watu waliokaa chini ya mwembe.

Kanisa katika pwani hii ni dogo, na majirani wengi ni Waislamu, ambao nao wanaamriwa kumtunza yatima. Dorkasi waweza kumshonea mtoto sare. Hawawezi kuendesha zahanati. Basi mshiriki ana kazi tatu. Amlishe leo mtoto aliye mlangoni pake. Aende mkutanoni amtaje asiyetajwa, bila kuuliza dini yake. Tena aulize, kwa adabu, mapato ya umma yametumikaje. Gesi ya Songosongo imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Si uasi mwananchi wa Kilwa akimwuliza diwani wake ni kiasi gani cha mapato ya halmashauri kimefika shuleni. Mamlaka ni mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema (Rum. 13:4), na mtumishi huulizwa kazi yake.

Anayesema "serikali itaangalia" na anayesema "hayo si ya serikali" hufika mahali pamoja: mtoto yule hubaki mwambani. Biblia inaigawa kazi kwa mzazi, kwa kanisa na kwa mtawala, wala haimruhusu yeyote kati yao kumwonyesha mwenzake kidole ili aepe sehemu yake.

Maswali ya kujadili:

1. Je, ni haki kupunguza ruzuku ya kaya kwa kosa la mzazi? Darasa lingependekeza nini badala yake?

2. Ni kaya ipi karibu na kanisa lenu isiyo na mtu wa kuitaja mkutanoni? Nani ataitaja?

3. Mkristo awezaje kuidai serikali haki ya maskini bila kuwa mfuasi wa chama?